Nenda Kilwa ukaone dawa ya ngoja ngoja

Leo safu yako inakutoa Dar, inakupeleka kusini mpaka Kilwa Kisiwani. Lakini kabla hatujapanda basi, hebu tuambizane ukweli kidogo.

Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana wa mjini, na dawa yake haiuzwi famasi. Unamkuta mtu ana akili zake timamu, kazi anaijua, nia anayo, lakini haanzi. Muulize kulikoni, atakujibu: "Nasubiri mambo yakae sawa." Mwenye sauti nzuri anasubiri studio kubwa ndiyo arekodi. Anayetaka kurisiti mtihani wa fomu four anasubiri apate vitabu vyote, meza na taa ya kusomea. Mwenye kiwanja anasubiri hela ya msingi mpaka bati la mwisho. Miaka inakwenda, kiwanja kinaota nyasi.

Usiwaite wavivu, utawaonea bure. Mvivu hasumbuki. Hawa wanasumbuka usiku kucha. Wanaipenda kazi yao kiasi kwamba wanaogopa kuionyesha ikiwa na kasoro. Wanaogopa kuchekwa, yaani bora usifanye kabisa kuliko ufanye watu waone umekosea. Ndiyo maana ugonjwa huu huwakamata sana wale wenye kipaji.

CHEREHANI CHINI YA SHUKA

Nina shoga yangu mmoja, jina lake nalihifadhi. Ni fundi wa nguo za kike, na mkono wake si wa kubahatisha. Alisoma ushonaji, akafaulu, akanunua cherehani yake mwenyewe kwa hela ya mchezo. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo cherehani imekaa pembeni ya kitanda imefunikwa shuka, juu yake kumewekwa mabegi.

Anasubiri nini? Anataka fremu barabarani yenye mlango wa kioo, vioo viwili vya kujitazamia, sanamu tatu za kuvalisha nguo, overloki, na feni ya ukutani. Kila kitu amekiandika kwenye daftari. Anaweka hela, kodi ya chumba inazila. Anaweka tena, mdogo wake anafukuzwa ada. Mama yake alishaanza kusema ile cherehani bora iuzwe, maana ndani ya nyumba watu wanalala na njaa huku chuma kimefunikwa kama maiti.

Kwa hiyo niliposema naenda Kilwa kutafuta habari ya safu hii, nilimbeba na yeye. Lengo langu lilikuwa apunge upepo tu. Mahubiri sikuwa nayo.

BARABARA YA KUSINI

Basi la Kilwa tulilipandia Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Safari yenyewe ni kama kilomita 300 hivi. Ukishavuka Kongowe na Vikindu, tazama nje ya dirisha, pembeni ya barabara utaona shule nzima ya ujenzi. Nyumba moja ina vyumba vinne, viwili vina bati, viwili vimebaki kuta tupu na mgomba umeota katikati. Nyingine haina plasta wala madirisha, magunia ndiyo mapazia, lakini barazani mama anakaanga maandazi na watoto wanajiandaa kwenda shule. Watu wamehamia, wanaishi. Tofali zinaongezwa mwaka hadi mwaka kadiri Mungu anavyojalia.

Sisi wa mjini tukipita tunasema, "Lione pagale lile." Lakini mwenye pagale halipi kodi kwa mtu. Hilo tuliache hapo kwanza.

Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, halafu unafika Mto Rufiji. Wakubwa zetu watakusimulia jinsi safari ya kusini ilivyokuwa mateso hapo, magari yamepanga foleni yakisubiri pantoni. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na leo unalivuka kabla hujamaliza soda. Si kwamba barabara haisumbui tena. Mwaka 2024 mafuriko na Kimbunga Hidaya yaliikata pale Somanga, abiria wakakwama kwelikweli. Ukipanga kwenda, kwepa masika.

Nangurukuru mnaacha barabara ya Lindi, mnakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Hapo tulichukua gesti, tukala wali wa nazi na pweza, tukalala. Asubuhi tukaenda kuomba kibali cha kutembelea magofu, maana kisiwani huingii kienyeji, halafu tukashuka gatini. Kisiwa unakiona kwa macho, ni kilomita mbili tu za maji. Shoga yangu alishika mbao za mashua kwa mikono miwili mwanzo mpaka mwisho.

MJI ULIOTAMBA

Msomaji, ukishuka Kisiwani leo utaona kijiji cha wavuvi, mibuyu, mbuzi na nyumba za udongo. Huwezi kuamini kwamba hapa palikuwa mjini kuliko mjini kwako. Kati ya karne ya 13 na ya 16 Kilwa ilikuwa moja ya bandari kubwa za pwani yote ya Afrika Mashariki. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwake. Ilitengeneza sarafu zake yenyewe. Vyombo vya udongo vya Uajemi na vya China vilikuja na majahazi ya pepo za kaskazi. Mwaka 1331 alipita msafiri maarufu, Ibn Battuta kutoka Morocco, naye akausifu mji huu kwa uzuri. Mwaka 1981 UNESCO iliyaingiza magofu haya na yale ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia.

Aliyetutembeza ni mzee mmoja mwenyeji wa hapo, kofia ya kiua kichwani, mguu peku.

"Shikamoo mzee," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Mmetoka Dar es Salaam? Basi vueni hivyo viatu vya kisigino, huku kuna miba na mawe."

Tukavua. Shoga yangu akabeba vyake mkononi kama mayai.

JUMBA LA SULTANI

Mzee alitupeleka kwanza Husuni Kubwa. Ni mwendo kidogo kutoka kijijini, unapita njia ya vichaka mpaka ukingoni mwa genge, chini yake bahari. Jamani, yule aliyechagua hapo alikuwa na jicho! Upepo unakupiga usoni na maji ni ya bluu mpaka unaona wivu.

Jumba hili ni la mwanzoni mwa karne ya 14, la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta. Watu walimsifu kwa ukarimu, inasimuliwa kwamba aliwahi kumvulia fakiri nguo zake mwenyewe. Na hela alikuwa nayo. Jumba lina vyumba zaidi ya 100. Kuna kiwanja cha watu kukutanikia, kuna sehemu ya bohari na biashara, kuna ngazi za kuteremkia baharini. Kuna birika la kuogea lenye pembe nane, umbo lake mpaka leo linasomeka vizuri. Yote hayo kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakati watu wengi wa mjini walikaa nyumba za miti na udongo.

Shoga yangu alizunguka lile birika mara tatu. Macho yakamtoka. "Huyu ndiye mtu," akaniambia. "Ukifanya kitu, fanya hivi."

Mzee akamsikia. Akacheka kidogo.

"Zuri, eeh? Halikwisha hili."

"Halikwisha vipi, baba?"

"Halikwisha mwanangu. Wachimbuzi walifukua hapa miaka ya sitini, wakaona sehemu nyingine hazikumalizika kujengwa. Na lilikaliwa muda mfupi tu. Waliokuja nyuma yake wakakaa kwingine."

Shoga yangu akanyamaza. Akakaa kwenye ukingo wa birika, akawa anachezea kamba ya mkoba.

Sasa msomaji, usije ukanielewa vibaya. Simsemi Sultani wa watu kwamba alikuwa na ugonjwa wetu. Ujenzi mkubwa hukwama kwa mengi. Nakueleza tu kilichopo kwa macho: jumba zuri kupita yote kisiwani lilitumika muda mfupi tu.

MSIKITI ULIOANZA KIDOGO

Kutoka hapo tukarudi kijijini kwenye Msikiti Mkuu. Ukiingia unakuta ubaridi na kivuli, nguzo zimepangana safu kwa safu, juu kuba na matao. Unajikuta unaongea kwa sauti ya chini hata kama hujaambiwa. Mimi nilidhani ulijengwa kwa mpigo mmoja. Kumbe wapi!

Mzee alituita upande wa kaskazini, akatuonyesha ukumbi mdogo, hauna mbwembwe. Akasema hapo ndipo mwanzo. Sehemu hiyo ni ya karne ya 11 hadi ya 12, ilikuwa na paa la bapa, basi. Watu wakasali hapo vizazi na vizazi. Mji ulipopata hela, mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani yuleyule wa Husuni, ndipo ukaongezwa upande wa kusini, mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa mwanzo, pamoja na chumba chenye kuba kubwa pembeni.

Halafu sikiliza kisanga. Ile nyongeza ikaanguka! Katika karne hiyohiyo paa lake likaporomoka. Na unajua waumini walifanya nini? Wachimbuzi wanaeleza kwamba walirudi kwenye ukumbi mdogo wa kale, wakaendelea kusali humo miongo kadhaa. Karne ya 15 ndipo upanuzi ukajengwa upya, paa lake likasimamishwa kwa namna nyingine, na ndiyo hizo kuba na matao unazoziona leo.

"Hivi wangesubiri mpaka wawe na uwezo wa kujenga huu mkubwa ndiyo waanze kusali?" mzee akatuuliza.

Hakuna aliyejibu. Jibu lilikuwa limesimama hapo, zaidi ya miaka 600 baadaye.

Nikauliza mawe haya waliyachongaje bila mashine. Mzee akatueleza kwamba tumbawe likitolewa baharini likiwa bado bichi huwa laini, linachongeka vizuri. Likishakauka ndiyo linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi alilichonga likiwa bichi. Mwenye kungoja mpaka likauke, shauri yake, atavunja patasi.

GEREZA LA PWANI

Kabla ya kupanda mashua tulipita Gereza, ile ngome ya ufukweni uliyoiona kwenye picha. Jina lisikutishe, ni ngome. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505 walipouteka mji, wakaondoka mwaka 1512. Baadaye, karibu na mwaka 1800, watu wa Oman walipokuja kushika Kilwa walijenga ngome yao palepale, juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Upande mmoja bahari imeshaula. Waliokuja hawakudai kiwanja kipya kisicho na historia, walianzia kwenye kifusi walichokikuta.

Wangapi kati yetu tumekataa kuanza kwa sababu tu mwanzo wetu una kifusi? Ulipata divisheni ziro, biashara ya kwanza ilikufa, umezaa nyumbani, basi unaona huna haki ya kuanza mpaka ufute yote yaliyopita. Hayafutiki, shoga. Yaweke chini, yawe msingi.

HARAKA HARAKA, NA KULIPUA JE?

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Atasema wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kweli walisema. Lakini wahenga haohao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtaka yote hukosa yote. Sisi wenye ugonjwa huu tunachagua methali moja inayotufaa, tunalalia.

Naomba tusichanganye mambo mawili. Kuanza kidogo si kulipua kazi. Anayelipua anashona pindo kwa uzi mbovu na anajua ni mbovu, anachukua hela anakimbia. Anayeanza kidogo anashona gauni moja la kawaida, lakini pindo lake limenyooka kadiri ya uwezo wake wa leo. Ule ukumbi mdogo wa Kilwa haukulipuliwa, jamani. Kuta zake bado zipo! Ulikuwa mdogo tu.

Na kazi nzuri inafundishwa na kazi yenyewe. Hakuna aliyekaa kitandani akajua paa litaangukia wapi. Waliona limeanguka, wakajua, wakajenga jingine. Ukikaa na daftari miaka minne, utakuwa bingwa wa kuandika daftari.

ALICHOFANYA SHOGA YANGU

Njiani kurudi hakusema mengi. Tulipofika yale mapagale ya Vikindu nikamwona anayahesabu kwa kidole, yenye watu ndani na yasiyo na watu. Sikumuuliza kitu.

Wiki iliyofuata aliitoa cherehani, akaiweka barazani kwa mama yake. Meza aliazima, kioo ni kile cha chumbani kwake. Kibao cha tangazo hana. Mteja wa kwanza alikuwa jirani, gauni la kitenge la kwendea harusini. Zipu ilikaa upande! Jirani akalirudisha huku anasema mtaa mzima usikie. Kile alichokuwa anakiogopa miaka yote minne kikamtokea siku ya kwanza.

Akalia? Alilia. Halafu akafumua, akashona upya usiku huohuo, hakudai hata senti. Jirani akalivaa. Wiki mbili baadaye akaleta vitambaa viwili vya dada yake.

Nisikudanganye kwamba leo ana duka na gari. Fremu hana bado, overloki anakwenda kupigisha kwa fundi mwingine na analipia. Mpaka naandika haya ameshashona magauni kumi na moja, mawili kati ya hayo ameyarudia bure. Lakini ada ya mdogo wake ya muhula huu imelipwa, na ile habari ya kuuza cherehani mama hajaigusa tena. Daftari bado analo. Ile orodha ya vitu vya fremu ameipiga mstari, ukurasa wa pili anaandika vipimo vya wateja.

NA WEWE UNAANZAJE?

Kwanza, chukua ile ndoto yako kubwa, uliza ukumbi wake mdogo ni upi. Ndoto ni albamu? Ukumbi ni wimbo mmoja uliorekodiwa hata kwa simu. Ndoto ni cheti? Ukumbi ni somo moja, kitabu kimoja cha kuazima, saa moja kila jioni. Ndoto ni nyumba? Ukumbi ni chumba kimoja na choo.

Pili, jiwekee tarehe ya karibu. Usiseme mwakani, wala nikipata. Sema Jumamosi hii. Mwambie mtu mmoja asiyekuonea haya, akuulize Jumapili asubuhi.

Tatu, kubali kabisa kwamba cha kwanza kitakuwa na zipu upande. Kirekebishe, usikifiche. Anayekucheka leo ndiye atakayekuletea kitambaa kesho, maana ameshajua kwamba ukikosea unarudia.

Nne, ongeza pale unapopata. Usianze kidogo ukaridhika na kidogo maisha yote. Watu wa Kilwa walipopata dhahabu walipanua. Na wewe ukipata, panua.

UKITAKA KWENDA MWENYEWE

Nauli ya basi si ya kutisha, unaweza kudunduliza. Tenga siku tatu: moja ya kwenda, moja ya kisiwani, moja ya kurudi. Kibali utakipata Kilwa Masoko, na hapo utaelekezwa pia mtu wa kukutembeza, usizunguke peke yako. Vuka asubuhi jua likiwa bado dogo. Beba maji ya kunywa, kofia na viatu vya chini. Dada zangu, beba kanga, unaingia msikitini na kwenye kijiji cha watu wenye heshima zao. Usipande juu ya kuta kupiga picha, na usiokote kigae hata kimoja. Magofu haya yaliwahi kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Tusiwarudishe nyuma waliohangaika.

Ukifika, anza na Husuni Kubwa, halafu ndiyo uingie msikitini, kama tulivyofanya sisi.

Kwa leo karatasi imeniishia. Kama una cherehani yako chini ya shuka, iwe cherehani kweli au jambo lingine, nadhani umenielewa. Wiki ijayo panapo majaliwa tutapanda treni kwenda kwingine. Kwaherini!